Marathoni Siyo Fulana

Wadau, kuna neno moja nadhani tumelionea vya kutosha hapa nchini. Neno lenyewe ni "marathoni". Siku hizi mtu anatembea kilomita tano, kutoka uwanjani hadi kipilefti cha karibu na kurudi, anapiga picha na mgeni rasmi, anakula pilau chini ya hema, halafu Jumatatu anakwambia ofisini kwamba jana alikuwa marathoni. Ukimwuliza alikimbia kilomita ngapi anakuangalia kana kwamba umemwuliza mshahara wake.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 chama cha riadha cha dunia kikaupitisha kuwa ndio kipimo rasmi. Ukizidisha hapo unaingia kwenye ultramarathoni. Ukipunguza, umekimbia kitu kingine chenye jina lake, na hicho kitu kinaweza kuwa kizuri sana kwa moyo wako na kwa kitambi chako, lakini marathoni siyo.

Mngesema huyu bwana kaamka na ugomvi wa msamiati. Hapana. Ugomvi wangu ni kwamba tangu marathoni igeuke kuwa sherehe ya fulana, yule mtu anayetaka kweli kukimbia kilomita 42 amekuwa kero kwa waandaaji. Watu elfu mbili wamemaliza kilomita tano saa mbili asubuhi, muziki unapigwa, mgeni rasmi ana safari ya kwenda kwingine, na huko barabarani bado kuna watu arobaini wanaohangaika na kilomita ya ishirini na tano. Hao arobaini wanachelewesha shughuli.

Mimi huwa miongoni mwa hao arobaini. Ni mkimbiaji wa kawaida, na nasisitiza kawaida. Marathoni yangu bora ni saa nne na dakika kumi na moja, na raba zangu nanunua mtumba pale Mwanjelwa, nikibahatika napata pea ambayo kisigino hakijaliwa upande mmoja. Nimekimbia mbio kubwa za fulana, na nimekimbia mbio ndogo za kuzunguka, Mbeya na Iringa, zile ambazo watu ishirini hivi wanapita njia ileile mara kumi, mara ishirini, na kuna siku mara mia moja na ishirini na tano. Msimamo wangu ni kwamba katika miji yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, mtu anayetaka kukimbia kilomita 42 au zaidi atapata usalama, haki na bei anayoiweza kwenye hizi ndogo za kuzunguka. Zile nyingine ni sherehe. Sherehe ni nzuri, nazipenda, pilau nakula. Ila zisitufanye tusahau mbio.

Niwape mfano kwa nini nasema usalama.

Katika mbio moja kubwa, mji siutaji wala waandaaji siwataji, njia ya kilomita 42 ilikuwa ni kwenda kwa barabara kuu na kurudi. Barabara kuu za kwetu mnazijua. Hii ya TANZAM ndiyo inayobeba malori yote ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia, na malori hayaahirishi safari kwa sababu kuna watu wamevaa namba vifuani. Askari wawili waliokuwa mwanzoni waliondoka ilipofika saa tatu na nusu. Meza ya maji ya kilomita 31 niliikuta imebaki meza tu. Mbele kidogo ya hapo alikuwa amekaa mzee mmoja, mwalimu, wa umri wa miaka hamsini hivi, kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani, uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa anataka kuongea na maneno yanakuja nusu nusu. Nilisimamisha bodaboda, kijana akampakia katikati, mimi nyuma namshikilia, tukampeleka zahanati. Akaongezewa maji ya dripu, jioni akawa na nafuu.

Sasa sikilizeni. Pale kwenye jukwaa hakuna aliyejua kwamba kuna mtu ametoka njiani. Walijua saa kumi jioni, mke wake alipopiga simu kuuliza mbona mwalimu harudi. Saa kumi jioni! Mahema yalikuwa yamekwisha kung'olewa.

Na hawa ndio watu ambao kila mwaka kwenye hotuba za ufunguzi wanamtaja John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, Mexico City, kule juu zaidi ya mita 2,200, mtu wetu alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye alikuwa wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Tunaisimulia hadithi hiyo kila mahali kama fahari ya taifa. Lakini Akhwari angekimbia kwenye baadhi ya mbio zetu za leo angekuta uwanja mtupu na kijana mmoja anakunja nyaya za spika. (Na kwa taarifa yenu, Akhwari na goti lake bovu alitumia saa tatu na dakika ishirini na tano. Mimi na magoti yangu mawili mazima siufikii muda huo. Huwa najikumbusha hilo kila ninapoanza kujiona mwanariadha.)

Haya, sasa twende kwenye za kuzunguka.

Ya Mbeya tunakimbilia upande wa Uyole, kwenye barabara za vumbi zinazopita katikati ya mashamba ya viazi na mahindi. Mzunguko ni mita 4,220. Mara kumi ni mita 42,200, kwa hiyo tunajipunja mita tano, na hatudai. Tulipima wenyewe. Mwenzetu mmoja ni fundi wa upimaji ardhi, akaja na futi kamba ya mita 50, tukapima kipande cha mita 300 kilichonyooka, tukakipitia na baiskeli yenye utepe mwekundu kwenye spoku, tukahesabu tairi linazunguka mara ngapi. Kisha baiskeli hiyohiyo ikapita mzunguko wote mara tatu. Msidhani ni uganga wa kienyeji. Marathoni kubwa duniani zinapimwa kwa baiskeli, tofauti ni kwamba wao wana kifaa kidogo cha kuhesabu kinachofungwa gurudumu la mbele, na wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Saa za mkononi za setilaiti zinadanganya, hasa kwenye kona nyingi. Nimewahi kumaliza mbio moja ya "kilomita 42" ambapo kila mwenye saa alikuwa na jibu lake, kati ya 39 na 41, na mwandaaji akatuambia tatizo ni saa zetu.

Kuhesabu raundi ndiyo kazi yenyewe. Kwa Mbeya tunatumia maharage. Kila mkimbiaji ana kopo lake lenye namba, na mezani wamekaa akina mama watatu, ukipita unataja namba yako, harage moja linaingia koponi. Mama mkubwa wa meza hiyo anauza maandazi siku za kawaida, na macho yake hayapitwi na kitu. Unapita anakuambia, "Mwanangu, bado nne, na huyo mguu wa kushoto unauburuza." Hujamwuliza. Na kweli unauburuza.

Mwaka juzi binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikuwa anatumia kama dakika thelathini na moja kwa kila raundi, ya kwanza hadi ya sita, hachezi. Raundi ya saba zikapita dakika arobaini. Mama akasimama. "Namba kumi na moja hajapita." Kijana mwenye baiskeli akatumwa aende kinyume na njia, akamkuta chini ya mkaratusi, anatapika, anatetemeka, na ameanza kuwa kama mtu wa usingizini. Akafunikwa vitenge viwili, pikipiki ikamchukua hadi kituo cha afya, akapona. Tangu mama aseme "hajapita" hadi binti anapakiwa haikuzidi robo saa.

Linganisheni robo saa hiyo na ile saa kumi jioni.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa, na wala haihitaji kamati. Kwenye njia ndefu ya kwenda na kurudi, mtu wa nyuma anapotea machoni. Kwenye mzunguko hapotei, maana anatakiwa kupita mbele ya mtu yuleyule kila baada ya nusu saa, na asipopita kuna mtu ambaye kopo lake linamwuliza. Meza ya maji ni moja tu na haiwezi kuishiwa bila watu wote kujua. Daktari, kama yupo, yupo mahali pamoja. Hakuna lori.

Ya Iringa ni kitu kingine kabisa. Ni kilomita 50 kwenye uwanja wa vumbi wa mita 400, yaani raundi 125. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya ni kama 1,700, kwa hiyo mtu wa Dar akija na kasi yake ya Coco Beach anaanza kuhema raundi ya tano akidhani ana malaria. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi Iringa inauma masikio. Tunaanza saa kumi na mbili kamili, wengine wamevaa soksi mikononi.

Kila baada ya saa moja kengele inagongwa, ile rimu ya gari inayotumika kuwa kengele ya shule, na wote tunageuka tunazunguka upande mwingine. Usipofanya hivyo kona zinakula goti na nyonga ya upande mmoja, na kesho yake unatembea kama meza yenye mguu mfupi. Mtu asiyejua akipita anaona watu wanakimbia, inagongwa kengele, wote wanageuka ghafla kama kuku walioona kipanga.

Watu huniuliza unawaza nini raundi zote hizo. Raundi thelathini za mwanzo huwazi, unaongea. Siasa, Simba na Yanga, nani kaoa nani. Kuanzia ya thelathini na tano mazungumzo yanakufa yenyewe bila mtu kuyazika. Kuanzia hamsini mpaka themanini ni sehemu mbaya na sitawadanganya. Unajua kila jiwe. Unajua pale kwenye kona ya mbele ya choo kuna upepo unaotoka pembeni, na unaanza kuuchukia raundi moja kabla haujafika. Mara ya kwanza nilipokimbia pale kulikuwa na fundi anajenga ukuta wa tofali za kuchoma nyuma ya goli la kaskazini. Nilipoanza alikuwa na mistari miwili. Nikaacha kuhesabu raundi nikawa nahesabu mistari yake. Alipofika mstari wa sita nilikuwa kwenye raundi ya tisini. Alipokwenda kula nilijisikia kutelekezwa.

Baada ya mia moja kitu kinabadilika. Siyo kwamba maumivu yanaisha, yapo, ila umeshakuwa sehemu ya uwanja kama goli. Watoto wa jirani wamejaa ukutani wanahesabu kwa sauti, na wanahesabu vibaya, wanakupa za bure. Mzee mmoja alisimama na baiskeli yake, akatusalimia "Kamwene", tukamwitikia, akatutazama raundi mbili nzima. Kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, mmekosa nini?" Alidhani ni adhabu.

Kuna jambo lingine ambalo hizi mbio kubwa haziwezi kukupa. Kwenye mbio kubwa, bingwa unamwona mgongo mwanzoni basi, habari zake unazisikia redioni. Kwenye uwanja wa mita 400 bingwa anakupita. Anakupita mara ishirini. Wa kwanza wetu wa Iringa ni kijana mwenye genge la mboga Kihesa, mwepesi kama unyoya, na kila anaponipita ananigusa bega anasema "kaza, kaka". Raundi ya mia na kumi alikuwa amekwisha kumaliza, akachukua bakuli la viazi akaja kutembea na mimi nusu raundi, akinilisha.

Viazi, ndiyo. Huko mbele duniani watu wananunua vipakiti vya uji wa sukari kwa dola mbili tatu kimoja. Sisi tuna viazi vya Mbeya vilivyochemshwa, unachovya kwenye chumvi, unameza na maji. Tuna ndizi za Tukuyu. Tuna togwa, na naomba wataalamu wa lishe waje wanipinge, sijaona kinywaji kinachokaa vizuri tumboni kilomita ya 35 kama togwa ambayo haijachacha. Ulanzi ni baada ya kumaliza, na hilo ni kwa Wanyalukolo na wageni wao wa hiari.

Kuhusu bei sitasema mengi. Mbio kubwa ya mwisho niliyokimbia nililipa 40,000, nikapata fulana, begi la kamba, na maji mpaka kilomita 28. Mbio ya Uyole ni 5,000. Watu ishirini na wawili ni 110,000, na hesabu yake inabandikwa ukutani: ndizi, viazi, maji, mafuta ya pikipiki, posho ya akina mama wa maharage, mlinzi wa choo. Fulana hakuna. Medali hakuna. Ukimaliza unapewa kopo lako na maharage yako kumi. Nina makopo manne dirishani.

Na akina mama na dada zetu? Waulizeni kwa nini hawafanyi mazoezi ya kilomita thelathini barabarani peke yao alfajiri. Majibu mnayajua. Kwenye mzunguko wanakuja. Mwaka jana Uyole alikimbia mama mmoja mwenye mtoto wa miezi saba. Bibi wa mtoto alikaa meza ya maharage na mjukuu mgongoni. Mama alimaliza kilomita 42 kwa saa sita na nusu, na katikati mtoto alinyonya mara tatu. Niambieni ni mbio gani ya barabara kuu ingemruhusu.

Sasa wapinzani wangu, maana ninao, tena wengine ni washikaji wa karibu.

Wa kwanza wanasema inachosha, ni kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba, na kwamba mbio za kweli ni za kutoka mji hadi mji. Nawakumbusha kwamba Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, alichukua shaba ya dunia London mwaka 2017 kwenye njia ya kuzunguka: raundi nne za kilomita kumi kumi kuanzia daraja la Tower. Eliud Kipchoge alipovunja saa mbili kule Vienna, Oktoba 2019, kwa 1:59:40, alikuwa anakwenda na kurudi ndani ya bustani ya Prater kwenye mzunguko wa kilomita tisa na nusu hivi. Alipojaribu mara ya kwanza mwaka 2017 kule Monza ilikuwa kwenye njia ya magari ya mashindano, mzunguko wa kilomita 2.4. Wakubwa wakitaka kitu kifanyike kwa uhakika wanazunguka.

Na kuna mzee mmoja wa Canada, marehemu Ed Whitlock, ambaye ndiye shujaa wangu kuliko hata mabingwa wa Olimpiki. Alikuwa anafanya mazoezi makaburini, karibu na nyumbani kwake Milton, Ontario. Anazunguka makaburi saa mbili, saa tatu, polepole, kila siku. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa mbili na dakika hamsini na nne. Akiwa na miaka 85 alikimbia kwa saa tatu na dakika hamsini na sita. Babu wa miaka 85 ananiacha mimi kwa robo saa, na mazoezi yake ni kuzunguka makaburi! Halafu mtu wa miaka ishirini na saba ananiambia kuzunguka kunamchosha akili.

Tena hiyo siyo hata ya mbali. Kuna mbio kule Queens, New York, ambapo watu wanazunguka mtaa mmoja wa mita 883 kwa raundi 5,649. Ni karibu kilomita 5,000, na wanapewa siku 52. Hao nadhani hata mimi ningewauliza wamekosa nini.

Wapinzani wa pili wana hoja nzito zaidi. Wanasema zile mbio kubwa zinachangisha fedha za madawati, vyoo vya shule, taulo za wasichana, na hizi zenu za maharage zinachangia nini? Ni kweli. Sibishi, na pale fedha zinapofika zinakokwenda, wapewe heshima yao. Ninachosema ni kwamba kuchangisha na kukimbia kilomita 42 ni kazi mbili. Fanyeni matembezi ya hisani ya kilomita tano na kumi, yaiteni hivyo, jazeni uwanja, pigeni muziki. Lakini mkiweka kilomita 42 kwenye bango ili tu tukio lionekane kubwa, basi mmechukua dhamana ya mtu wa mwisho. Mkae mpaka afike. Kama hamwezi kukaa, msiiweke.

Wa tatu ni wenzangu wa kazini. Niliandika habari ya zile raundi 125 nikaipeleka mezani. Mhariri akaisoma, akauliza mgeni rasmi alikuwa nani. Nikasema hakukuwa na mgeni rasmi. Mdhamini? Hakuna. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, habari hapa iko wapi?" Wiki hiyohiyo tukatoa ukurasa mzima wa picha za matembezi ya kampuni fulani, na maelezo ya picha yote yakasema marathoni. Nilishika kalamu nyekundu nikairudisha mezani, maana na mimi nina kodi ya nyumba ya kulipa.

Mwezi wa Septemba 2025 Simbu alichukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 zote, halafu tofauti ni upana wa kifua. Mitandao ilijaa pongezi, kila ofisi ikatoa tangazo. Nikadhani sasa milango itafunguka. Nikaenda na wenzangu ofisi moja, sitaitaja, kuomba tuwe tunatumia uwanja wa umma Jumamosi moja kwa mwezi, kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana. Tukaulizwa mdhamini ni nani. Tukasema hatuna. Tukaulizwa tunatarajia watu wangapi. Tukasema thelathini. Yule bwana akafunga daftari taratibu, kwa adabu zote, akasema mkifika mia tano njooni.

Hapo ndipo hasa ninapotaka maafisa michezo wa halmashauri zetu wanisikie, kama wanapita humu. Hatuombi fedha. Tunaomba geti lifunguliwe. Viwanja vya shule na vyuo Mbeya na Iringa vinalala bure Jumamosi alfajiri, na watu thelathini wenye raba za mtumba hawawezi kuvimaliza. Mkitaka zaidi, mtupe mtu mmoja wa afya na mkebe wake wa huduma ya kwanza. Watu mia tano hatutafika, na hatutaki kufika, kwa sababu tukifika mia tano yule mama wa maharage hataweza tena kusema namba kumi na moja hajapita.

Kwa wanaotaka kuja: ya Iringa inayofuata ni Jumamosi ya kwanza ya Julai, safari hii ni marathoni kamili badala ya kilomita 50. Raundi 105, na mstari wa kuanzia tumeusogeza ili zile mita 195 ziishe kabla ya kuanza kuhesabu. Kuanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, muda wa mwisho saa saba mchana, na hatung'oi kitu kabla ya hapo. Kiingilio 5,000. Nafasi ni thelathini tu, maana wahesabu ni watatu na kila mmoja hashiki zaidi ya watu kumi. Njoo na kikombe chako, na soksi za mikono.